Mfuko wa Jezi Uliobaki Diepsloot

Ndugu zangu, mnisamehe nikisoma. Nimeandika ushuhuda huu mara nne. Tatu nimezichana, na hii ya nne bado naitilia shaka.

Mlinichagua kuwa meneja wa timu yetu ya mpira. Kazi hiyo sikuisomea popote. Nilijifunza kwa simu, nikienda kazini, nikitazama jinsi klabu kubwa zinavyonunua wachezaji. Mlipochanga, nyinyi wa maduka ya mtaa wa Diepsloot na mafundi wa mtaa wa Doornfontein, niliogopa kuwaangusha hata nikang'ata kucha mpaka damu. Nikaona dawa ni moja, kununua walio bora. Nikaleta nyota sita wa kulipwa kila mechi. Wengi wa waliokuwepo nikawaondoa kwa ujumbe wa simu, Alhamisi, maana sikuwa na ujasiri wa kuwatazama usoni.

Mmoja wao alikuwa beki wa kushoto, kaka wa Bukavu mwenye spaza, kiduka chake, kule Diepsloot. Alijibu neno moja tu: "Sharp," yaani sawa. Nikafurahi kwamba hakugombana.

Nawaambia, nilikuwa na jedwali la kila kitu: nani apige kona, nani amkabe nani. Lakini mnajua desturi yetu, jezi hufuliwa kwa zamu, kila mchezaji wiki yake. Hilo halikuwa kwenye jedwali.

Jumapili tukafika uwanjani, mechi ya kuamua ubingwa. Nahodha akauliza, "Meneja, jezi ziko wapi?"

 Mfuko wa jezi ulikuwa Diepsloot, kwa yule beki niliyemfukuza; wiki ile zamu ya kufua ilikuwa yake.

"Dada, nawapa dakika kumi na tano," refa akasema. "Zikipita, mmepoteza."

Nikapiga simu. Inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nyota mmoja akacheka: "Eish, timu ya hela nyingi haina hata nguo." Wawili wakatazama saa wakaondoka, walikuwa wameahidi mechi nyingine, na huko nako walikuwa wanalipwa. 

Dakika ya kumi na tatu, kaka akashuka kwenye teksi, mfuko begani. Jezi zilikuwa zimepigwa pasi.

"Nakupigia, meneja, simu yako ina kazi tu. Na robot zote, taa za barabarani, zimezimika."

Kumbe tulikuwa tunapigiana kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Kaka, si nilikufukuza?"

"Ulinitoa ku timu. Ku zamu haukunitoa."

Nikamwomba acheze. Akaangalia miguu yake. "Na hizi ndala?" Wachezaji wakacheka, mimi nikalia. Tukaanza tukiwa tisa, kwa sababu benchi nilikuwa nimelimaliza mwenyewe. Tulifungwa manne.

Jumatano mkaniita kikaoni mkanivua umeneja. Nilistahili. Kwa wiki mbili, kila nikitoka kazini nilijifungia chumbani kwangu, mtaa wa Observatory, nikirudia ile mechi kichwani, nikitafuta kosa moja la kulaumu ambalo si langu. Sikulipata.

Jumamosi moja kaka akasimama getini na ule mfuko.

"Zamu yako," akasema.

"Lakini mimi sichezi."

"Hata mimi sikuwa nacheza."

Nikazipokea. Nikafua jezi zote kwenye beseni, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile nikala chakula nikakimaliza.

Namshukuru kaka huyo. Yuko hapa, amenikataza kumtaja. Nawashukuru mama mwenye nyumba aliyeniazima kamba ya kuanikia, na ninyi mlionivua cheo bila kunifukuza. Niliowaandikia Alhamisi ile, nawaomba radhi leo, nikiwatazama. Pesa zenu zilileta miguu yenye kasi. Waliobeba mfuko walikuwepo tayari, na ni mimi niliyewaondoa.

Wiki hii zamu ilikuwa yangu tena. Mfuko uko pale mlangoni. Jezi namba saba ina doa la nyasi. Nimelisugua mara nne, limenishinda. Meneja mpya, naomba uipokee hivyo hivyo.