Mama Gaudiosa na Kile Kisanduku cha Ukurasa wa Tano

Tarehe 30 Juni Mama Gaudiosa Kapinga anastaafu, baada ya kuchora kwa miaka ishirini na sita kwenye ukurasa wa maoni wa gazeti letu la Mwambao na Milima, hapa Mbinga. Wasifu huu nimepewa mimi, msambazaji wa magazeti, niliyeachana na shule kidato cha pili. Msishangae. Wenye digrii wanaliandika gazeti. Mimi ndiye ninayewaona wanaolisoma.

Na ninachokiona ni hiki: mtu akifungua ukurasa wa tano, macho yanatua kwenye mchoro. Akishacheka au akishanuna, ndipo anauliza mwandishi kasemaje.

Mama ni mzaliwa wa Tingi, na alianza kwetu kwenye mashine ya chapa. Siku moja akamchora mhariri wa wakati ule, tumbo mbele, nyuma ya karatasi iliyoharibika. Mzee akaukamata mchoro, akaangua kicheko, akauchapa. Wahariri walikuwa wale!

Barabara ya mlimani ilipokufa, tuliandika maoni mara tatu, maneno mazito kama magunia ya kahawa. Kimya. Mama akachora wagonjwa wanne wamembeba mkubwa mmoja wa serikali kwenye machela, wanamvusha tope, naye kakunja miguu viatu visichafuke. Kule Litembo bibi mmoja asiyejua kusoma alishikilia mlango kwa kucheka: "Jamani, si yule yule!" Mwezi haukuisha, greda likapanda.

Leo naambiwa mchoro ni pambo! Mhariri wetu, Methodi, katangaza kwamba Mama akiondoka, kisanduku chake cha mchoro nacho basi. Picha tutaokota mtandaoni. Kaka Methodi, umeshamsahau pweza? Mama alikuwa likizo, maoni yalihusu usipa, dagaa wetu hawa, wewe ukaweka picha ya pweza. Pweza, Ziwa Nyasa! Liuli akina mama wauza samaki waliisimamisha pikipiki yangu: "We kijana, huyu kavuliwa wapi, na sisi tukamfuate?" Aibu nikaibeba mimi. Wewe ulikuwa ofisini na chai yako.

Wiki iliyopita tulimkabidhi Mama seti ya makochi. Akashukuru vizuri, kisha akasema, "Wanangu, makochi mngebaki nayo, mkakiacha kile kisanduku. Mpeni Ida wa chumba cha mashine. Mkono wake unanizidi." Methodi akainama kukagua miguu ya makochi.

Basi Mama, shikamoo. Asante kwa kutuchekesha na kutukasirisha panapostahili. Kapumzike Tingi, afya ikusindikize, mkono usitetemeke. Mchoro wa Ida wa wiki ijayo ninao hapa mfukoni. Methodi akiuchapa, heri. Asipouchapa, nitaubandika stendi ya Kitai kabla sijashusha magazeti, tuone watu watakimbilia kipi, mchoro au gazeti.