Sakafu Iliyoniangusha

Bwana asifiwe, akina mama. Mbukwenyi, nawasalimu kwa lugha yetu. Mchungaji kaniambia niongee kwa upole. Sitaweza, anisamehe. Nina hasira, na nimekuja nayo makusudi, maana wahusika wengine mmo humu humu.

Mnajua nilikuwa nasaga nafaka pale mashineni mtaa wa Kikuyu. Zamani mashine ilikuwa ya ushirika. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara zikaachiwa watu binafsi, ikachukuliwa na tajiri mmoja, simtaji. Akang'oa injini ya dizeli, akafunga mota ya umeme. Mtetemo ukapasua sakafu. Badala ya kununua nondo, akachoma matairi mabovu, akakatakata nyaya za ndani, akamwambia mwashi azichanganye kwenye saruji. Sakafu ikatoka ngumu kweli kweli. Tukaisifu, wajinga sisi!

Amri yake ilikuwa viatu mlangoni, unga ni chakula. Wateja wanahudumiwa dirishani. Ndani ni mimi, pekupeku, na kila Jumamosi naosha sakafu mota ikinguruma, maana alikataa izimwe foleni ikiwapo.

Jumamosi moja nilimwaga maji karibu na mlango. Miguu ikakakamaa, taya likafunga, nikaangukia nje natetemeka. Nilipozinduka nimejing'ata ulimi, na watu wanasema, "Kifafa hicho!" Nikasema ni umeme. Tajiri akacheka: "Umeme gani kwenye saruji? Saruji ni jiwe, mama." Juma lililofuata nikaanguka tena. Basi, jina likaniganda.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuumwa hata siku moja, lakini niliishi kama mgonjwa. Kazi nikaachishwa. Posa ya binti yangu ikavunjwa, eti ukoo una kifafa. Alilia yule mtoto! Na ninyi je? Mlinishika kichwa mkakemea pepo mpaka shingo ikateguka. Wakati wa chai mkanitengea kikombe, mkakifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake kisichanganyike na vyenu. Msiiname. Nitazameni.

Siku moja nilirudi mashineni kumbembeleza tajiri anirudishie kazi. Nikamkuta mama mmoja mchuuzi wa maji analeta madumu kwa punda wake. Sakafu imelowa, mota inanguruma. Punda akatia miguu ya mbele ndani, akalia, akaanguka puu! Yule mama akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Haya! Na punda naye ana kifafa? Naye mkamkemee!"

Akagoma kuondoka mpaka aitwe fundi umeme. Fundi akapima kwa taa yake, na ilipogusa sakafu ikawaka. Akatueleza: mota inavujisha umeme, na waya wa kuupeleka ardhini haukuwekwa. Umeme umeshuka kwenye boliti, umeingia kwenye vile vipande vya nyaya vinavyogusana ndani ya saruji, na maji yakaufikisha mlangoni.

Nikamtazama tajiri miguuni. Mabuti ya mpira! Sijawahi kumwona akiingia mle bila mabuti, yeye na amri yake ya viatu mlangoni.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilisikia ganzi kidogo tu," akasema.

Ganzi kidogo! Mwanangu kakataliwa, mimi nimekemewa kama shetani, yeye kasikia ganzi kidogo! Ningekuwa na mchi mkononi siku ile, leo ningekuwa natoa ushuhuda huu gerezani.

Ofisi ya kata ikaifunga mashine mpaka sakafu ikavunjwa na kumwagwa upya. Sasa nasaga tena, na waya wa ardhini nimeuona kwa macho yangu ukifukiwa. Binti yangu posa yake haikurudi. Ndiyo maana hasira haijaisha.

Namshukuru yule mama wa maji, Mungu amzidishie, na punda wake aliyepona. Namshukuru fundi. Na ninyi nawaomba: mkiona mtu kaanguka, kabla ya kumshika kichwa, tazameni alichokanyaga.

Sasa, kikombe changu. Nimewahi kufika leo kabla yenu. Uzi nimeukata, nikakiweka kwenye sinia katikati ya vyenu, na sasa hata mimi sikijui ni kipi. Haya, mimineni chai tunywe.