Nyundo na Dira Mlimani Houlin

Tarehe 14 Machi 1987, Lai Suqin alisimama mbele ya jeneza la baba yake mlimani Houlin, nyundo ya kupasulia miamba mkononi, akazuia lisishushwe kaburini.

Alizaliwa papa hapa Houlin, wilaya ya Yongding, tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili wa mkulima wa tumbaku. Kaka yake, Lai Dechang, alirithi kwa babu yao ukuhani wa dini ya Dao na dira ya kuchagulia makaburi. Suqin alisoma shule ya kijiji, kisha akahitimu jiolojia mjini Fuzhou mwaka 1982. Hadi alipostaafu mwaka 2012, kazi yake ilikuwa kupima miteremko inayotishia kuporomoka. Mwaka 1984 aliolewa na mwalimu Jian Boyuan, mwanakijiji mwenzake.

Siku ile ya mazishi ya baba, ndugu hao walibishana mbele ya waombolezaji.

"Pumzi ya mlima inakusanyika hapa," alisema Dechang, akimaanisha nguvu ya uhai ambayo dira yake huitafuta.

"Kaka, hiyo si pumzi, ni maji. Gusa udongo."

"Kumbe Fuzhou ulikwenda kusomea matope?"

"Ndiyo. Na wewe unataka kumlaza baba ndani yake."

Dechang aligusa, akapangusa tope vidoleni. Suqin akaonyesha mwamba mkavu upande wa pili. Kaka akakataa: upepo wa kaskazini ni mkali kule, na mama yao mwenye pumu asingeweza kulizuru kaburi. Suqin hakuwa amemfikiria mama. Wakatembea pamoja mpaka wakapata mahali palipowaridhisha wote.

Tangu hapo, waliofiwa Houlin waliwaita wote wawili. Wanafunzi wa mumewe walipomuuliza Suqin kama anaiamini pumzi ya mlima, alijibu kwamba hana chombo cha kuipima, ila walioiheshimu ndio waliokataa kuufyeka msitu wa juu, na mizizi yake ndiyo inayoushikilia mlima.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jambo moja tu lilimsumbua.

"Nani atapima udongo wangu?"

"Mimi," alisema Dechang.

"Kwa dira?"

"Kwa nyundo yako. Na wewe huko utakakokuwa, usinisahihishe."

Suqin alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Alifariki nyumbani tarehe 2 Aprili 2024, na mwili wake ukachomwa kama sheria ya sasa inavyotaka.

Amemwacha mumewe, binti yake Ruolan, mwanawe Yichen, mjukuu mmoja na kaka yake. Na alale salama, pakavu.

Jana Dechang alilikataa shimo la kwanza la kaburi lake kwa sababu ya unyevu. Saa nne asubuhi hii atashuka katika la pili, atagonga mwamba kwa nyundo, atasoma dira, kisha atayapokea majivu ya mdogo wake.