Neno la Familia kwenye Uwanja wa Mwirigi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, uliyeacha shughuli zako ukaja kutufungulia uwanja huu wa Mwirigi, Mzee Murungi, mwenyekiti wa kamati, Mchungaji wetu, Kocha Dalton, uliyetoka Kanada, walimu wenzangu, wazee, kina mama na vijana wa Kianjai: Muuga! Nawasalimu kwa vyeo vyenu na kwa umri wenu, na yeyote niliyemruka anisamehe, maana leo nimekuja na mengi kifuani.

Mimi ni Gatwiri, mwalimu, dada mkubwa wa Mwirigi, huyu aliyeketi pale mbele na miwani nyeusi kwa sababu jua linamuumiza. Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nitashukuru. Lakini huwezi kumshukuru mtu bila kueleza amekutendea nini, kwa hiyo niruhusuni nianze mwanzo.

Wengi wenu mlimjua Mwirigi akiwa mwanafunzi, akicheza raga. Marehemu baba yetu alikuwa akisema kwamba huyu mtoto hata akitumwa chumvi huenda kama aliyeitwa kuzima moto. Katika mashindano ya shule kule Embu, mgeni mmoja alimwona, na muda si muda Mwirigi akapata nafasi katika chuo kikuu cha Kanada, asome huku akicheza mchezo wao wa futiboli, ndugu wa raga. Mlimwombea kanisani, mkamwekea mikono kichwani. Mama yetu, Kanini, alimfungia unga wa uji. Alipoambiwa kwamba mzigo umezidi na unga ubaki, alilia mbele za watu, na sisi tukajifanya kwamba analilia unga.

Mliniuliza sana, "Mwalimu, anacheza nambari gani? Ni mshambulizi?" Nikawaeleza kwamba mpira wao si huu wetu wa miguu. Una umbo kama la yai, kama ule wa raga, na unabebwa mkononi. Kazi ya Mwirigi ilikuwa kupokea mpira kutoka kwa mwenzake na kukimbia nao, moja kwa moja, kuelekea wanaume waliopanga mstari kumngojea. Hawamngojei wampokonye kwa ufundi wa miguu. Wanamngojea wamwangushe. Akiangushwa anainuka, anapewa mpira tena, anawaendea tena. Hiyo ndiyo kazi, na aliifanya vizuri kuliko wengi waliozaliwa huko.

Alipochukuliwa na timu ya kulipwa, katika mji mmoja wa nchi ya ngano, tambarare kama Timau lakini bila mlima wa kutazama, je, kuna mtu hapa ambaye hakufurahi? Jumapili baada ya ibada tulijaa dukani kwa Mzee Murungi kutazama mechi zake kwenye runinga. Mnakumbuka ile ya theluji, wanaume wawili wamemning'inia mgongoni naye anaenda tu, anaenda tu, mpaka akavuka mstari? Mama Mukiri, wewe ulipanda juu ya benchi ukaangusha soda za watu. "Mwirigi wetu!" ndiyo ilikuwa salamu ya soko zima. Alipokuja likizo mlimchinjia fahali, na msururu wa boda boda ukampokea barabarani kama mbunge.

Basi mimi nilienda kumtembelea. Niliketi nyuma kidogo ya benchi lao, mahali wanapowaweka jamaa za wachezaji. Mwirigi akapewa mpira, akakimbia, akakutana na mtu kichwa kwa kichwa. Mlio wa zile helmeti, kofia ngumu wanazovaa, ninao masikioni hadi leo. Aliinuka. Akatembea vizuri, kifua mbele, akaenda kuketi kwenye benchi la wapinzani. Uwanja mzima ulicheka. Nami, Mungu anajua, nilicheka pia, nikidhani ni mzaha wake.

Wakamrudisha upande wetu. Daktari akamshika kidevu, akamuuliza, "Uko mji gani?"

Mwirigi akajibu, "Kianjai."

Daktari akamtazama kocha. Kocha akatazama saa ya mchezo. Kisha akasema, "Anaweza kurudi."

Akarudi. Akabeba mpira, akafunga, na watu wakasimama wote kumpigia makofi. Mimi nilibaki nimeketi. Tukiwa garini akaniuliza, "Gatwiri, tulishinda?" Nikamwambia mlishinda. Akafurahi. Hatujafika hata kwake, akageuka tena, uso ule ule, sauti ile ile: "Gatwiri, tulishinda?"

Nikamwambia, "Mwirigi, acha mchezo huu. Twende nyumbani."

Akacheka. "Nikiacha nitakuwa nani? Huku hakuna anayemjua baba yetu. Wanajua nambari iliyo mgongoni mwangu."

Akaendelea. Aligongwa mara nyingine, na nyingine, hadi siku goti lilipokatika, na goti, tofauti na kichwa, haliwezi kufichwa. Timu haikumwita ofisini kumuaga. Alifika mazoezini asubuhi, mlango ukakataa kufunguka, na mlinzi aliyezoea kumtania kila siku akamletea viatu vyake ndani ya mfuko mweusi wa takataka, akiwa ameinamisha macho. Mlinzi yule peke yake ndiye aliyeona aibu.

Ndipo akaja nyumbani, na sasa nafika kwenu.

Mzee Murungi, nakupongeza kwa hotuba yako tamu. Umemwita Mwirigi simba wa Tigania, na watu wamepiga makofi. Lakini alipoanguka mbele ya duka lako, kwa sababu dunia humzunguka ghafla akasahau miguu iko wapi, ulisimama mlangoni ukasema, "Mtoeni huyo mlevi, anafukuza wateja." Mwirigi hajawahi kuonja pombe. Vijana wa boda boda, nanyi nawashukuru. Mmekuwa mkimpigia honi ili mwone akishtuka na kuziba masikio. Na ninyi mliosema amerogwa, na ninyi mliosema amechezea bahati, na ninyi mliouliza mbona hajawajengea ghorofa, nawashukuru nyote. Mmeifundisha familia yetu kuishi bila majirani.

Mama ndiye humlisha Mwirigi siku ambazo mikono yake inatetemeka. Asubuhi nyingine Mwirigi ananiita mimi Mama, na kumuuliza Mama mwenyewe yeye ni nani. Hilo halijawekwa kwenye bango pale langoni.

Kocha Dalton, sina ugomvi nawe; kocha wa siku ile hukuwa wewe, na umetusalimia kwa adabu. Umesema umekuja kutafuta akina Mwirigi wengine. Wazazi wanaokusikiliza hapa ni watu wazima, na mimi siwezi kuwachagulia. Nakuomba tu uwaambie, hapa hapa mbele ya Mchungaji: kijana wao akipotewa na akili katikati ya mchezo, na timu inahitaji kushinda, ni nani atakayemtoa uwanjani? Mtaje kwa jina. Usiponijibu mimi, wajibu wao kabla hawajaenda nyumbani.

Mheshimiwa, nakaribia kumaliza. Ratiba inasema kwamba baada yangu Mwirigi atavaa jezi yake ya zamani, apewe mpira, akimbie kutoka goli hili hadi lile, huku wapiga picha wakimngojea. Kamati ilituletea jezi hiyo jana. Asubuhi ya leo nilimvalisha, maana nilikuwa bado naona haya kuwakatalia. Alisimama wima kabisa. Alianza kupumua kwa nguvu, akakunja ngumi, akaniuliza, "Gatwiri, leo tunacheza na nani?"

Nikasema, "Leo hamchezi."

Akasema, "Basi mbona mmenivalisha?" Na jasho lilikuwa likimtoka. Ndugu yangu, aliyewakimbilia wanaume wa Kanada miaka yote ile bila kupepesa macho, alikuwa anaogopa.

Nilimvua. Nikamvalisha shati la baba.

Hatakimbia. Si leo, si kwa ajili ya picha, si kwa ajili ya mtu yeyote. Jezi ni hii, Mheshimiwa, naiweka mezani pako. Itundikeni ukutani, inafaa sana ukutani. Jina pia mnalo, limeandikwa vizuri pale langoni. Familia inawashukuru kwa yote mawili, na kwa kuvumilia maneno ya mwanamke mmoja mpaka mwisho.

Mwirigi, shika mkono wangu. Simama polepole. Hakuna anayetungoja mbele.