Watu Ambao Valentin Lwaboshi Hakuwaandika

Haya ni maisha ya Valentin Lwaboshi, Papa Kabibi, kama alivyotaka yasomwe mbele ya kaburi lake hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025. Yameandikwa na binti yake wa kwanza, Kabibi, kutokana na aliyoyasema marehemu mwenyewe kitandani. Familia haikukubaliana upesi kuyasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1970 karibu na Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Papa Asende na marehemu Mama Nalubala, wakulima wa muhogo na karanga. Kati ya hao saba, leo amebaki mmoja.

Alisoma shule ya msingi Baraka na sekondari Uvira, akapata diplôme yake mwaka 1990. Chuo hakikuwezekana. Mpimaji mmoja wa ardhi pale Uvira alimchukua awe anamshikia mnyororo wa kupimia, na kazi hiyo ikamwingia damuni. Alipenda kusimulia jinsi walivyopima shamba la mama mmoja mjane huko Kiliba. Usiku alikumbuka kwamba kigingi kimoja amekipigilia hatua moja ndani ya shamba la yule mama. Kulipokucha alitembea kwa miguu hadi Kiliba, akakisogeza, akarudi. Bosi wake alimcheka wiki nzima.

Vita vya mwaka 1998 vilimtoa Uvira. Alipitia Tanzania, na mwezi wa Julai 2002 akaingia Dzaleka. Hapa alikutana na Fidès Nahayo, aliyetoka Makamba, Burundi. Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 2004. Fidès anasema alichumbiwa kwa hesabu: kijana alimjia akamwambia kwamba toka mlango wake hadi mlango wa kanisa ni hatua mia nane na kumi na mbili, naye angependa wazitembee pamoja. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Kabibi na Gabriella.

Mwaka 2012 familia ilihamia Lilongwe, mtaa wa Nsungwi katika Area 25, na marehemu akafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli. Alijifunza Chichewa vizuri sana. Wateja walipomuuliza lafudhi yake ni ya wapi, aliwaambia ni mtu wa Karonga, kule kaskazini. Mwanzoni ulikuwa uongo wa kibiashara tu. Baadaye alianza kutembea nao kama shati lake la kila siku, na akiwa na wageni wa Kimalawi aliwaomba wanawe wasiseme Kiswahili.

Mwaka 2021 ulianza mradi wa kuchagua ni viwanja gani vya wazi vya mji vilindwe kwanza. Vilikuwa arobaini na kimoja, na uwezo wa kuvilinda vyote kwa mara moja haukuwepo, kwa hiyo vilipangwa kwa alama. Waliangalia kama kiwanja kinapokea maji ya mafuriko, kama kina miti, na kama watu wa hapo wana kiwanja kingine karibu. Lakini alama zilizohesabiwa mara mbili zilikuwa za watumiaji: ni watu wangapi hasa wanakitumia. Kumi na viwili vya juu vingewekewa mawe ya mipaka, na mtu asingejenga humo. Vya chini vingeweza kugawanywa kuwa viwanja vya nyumba. Marehemu aliajiriwa kuwa karani wa kuhesabu, kama mtu wa Karonga.

Karibu na nyumba yetu kulikuwa na uwanja mpana ulioitwa Bwalo la Chitsime, kwa sababu ya kisima chake. Watoto wa Kimalawi walicheza mpira humo. Wanawake wetu, Warundi na Wakongo, walianika muhogo na mboga humo, na kila Jumapili mchana walikusanyika kusali na kuimba, kwa kuwa chumba cha kanisa kiliwashinda kwa udogo. Aliyewaongoza ni Mama Spès Ndayisenga, ambaye yuko hapa nasi.

Jumapili tarehe 10 Oktoba 2021 marehemu alifika pale na karatasi zake, pamoja na msimamizi wake, Bi Tamanda. Mama Spès alimwona, akamwendea kwa furaha, akamsalimu: «Papa Kabibi, Bwana asifiwe. Leo umekuja kusali na sisi?»

Bi Tamanda alimtazama. Marehemu akajibu kwa Chichewa: «Sindimva Chiswahili, amayi.» Yaani, mama, mimi Kiswahili sikisikii.

Mama Spès alirudi kwa wenzake. Bi Tamanda aliuliza wale ni akina nani. Marehemu alimwambia ni wapita njia, wamepumzika tu, wataondoka. Akaandika vijana kumi na tisa wa mpira. Lakini macho yake yalikuwa yamezoea kuhesabu hata asipotaka, na alijua idadi ya wale waliokaa chini wakiimba: mia moja sitini na watatu. Mkewe na mabinti zake walikuwa miongoni mwao.

Siku mbili baadaye Mama Spès alituma nyumbani kikapu cha lengalenga. Aliamini kwamba marehemu aliwakana ili kuwakinga, maana wakati ule kila mkimbizi aliyeishi nje ya kambi aliogopa karatasi yoyote. Fidès alipika ile mboga. Marehemu alisema tumbo linamuuma.

Orodha ilibandikwa mwezi wa Machi 2022, na watu walipewa siku thelathini za kupinga. Bwalo la Chitsime lilikuwa la thelathini na tatu. Marehemu alichukua penseli akapiga hesabu upya kwa idadi ya kweli: lingekuwa la tisa. Siku zote thelathini alipita mbele ya ule ubao kwa baiskeli. Hakushuka hata mara moja.

Kabla mwaka haujaisha kuta zilisimama na kisima kikabaki ndani ya ua wa mtu. Watoto walipeleka mpira wao barabarani. Wanawake walianika muhogo wao kandokando ya lami, na hapo ndipo Mama Sabine, mmoja wao, alipogongwa na kabaza, pikipiki ya kubeba abiria, akavunjika nyonga. Hadi leo anatembea na fimbo. Marehemu alikwenda kumwona mara nyingi na kumpelekea matunda, na kila mara watu walimsifu kwa moyo wake mwema. Alizipokea zile sifa.

Mwaka 2023, amri ya kurudi kambini ilipotoka, familia ilirejea Dzaleka. Uongo wa Karonga haukumsaidia chochote: alipanda gari moja na wale ambao hakuwaandika.

Mwishoni mwa mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa Lilongwe, kisha akarudishwa nyumbani. Mama Spès na kundi lake walimtembelea kila Alhamisi, na Alhamisi moja ya mwezi wa Mei mwaka huu aliomba wengine watoke, abaki Mama Spès tu pamoja na wa nyumbani. Fidès na Kabibi walikuwepo.

Alimwambia: «Mama Spès, ile karatasi haikuulizaka jina. Haikuulizaka mutu anatoka wapi. Ilikuwa vistari tu, mutu moja kistari moja. Mi nilijua. Sikuwakinga nyinyi. Nilikinga mi mwenyewe.»

Mama Spès alikuwa ameshika bakuli la uji, akaliweka chini. Kisha akasema: «Myaka yote hii mi namushukuru Mungu juu yako. Sasa ile maombi nitaipeleka wapi?»

Alitoka, na Alhamisi tatu hakuonekana. Ya nne alikuja akakaa mlangoni, na akiwa pale pale mlangoni alimwambia kwamba hajamaliza kusamehe na hajui atamaliza lini, lakini hesabu ya kweli iandikwe, ipelekwe kule ilikopelekwa ile ya uongo. Marehemu alimwandikisha Kabibi barua, sentensi kwa sentensi, akatia sahihi yake na mahali alipozaliwa: Fizi.

Bi Tamanda alijibu. Aliandika kwamba orodha ilikwisha kufungwa na nyumba zina watu, hivyo Bwalo la Chitsime halitarudi. Barua ameiweka ndani ya faili. Kama kuhesabu kutafanyika tena, ataomba karani aulize kwanza wenyeji wa uwanja, na asikae na karatasi peke yake. Marehemu aliisoma mara mbili, akasema mwanamke yule amekuwa mpole kuliko ilivyostahili.

Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Jana Fidès aliuliza: «Bantu bakuje kutuzikia, tubape haya yetu babebe?» Kabibi alimjibu kwamba aibu hiyo wamekwisha kuibeba muda mrefu, ila hawakujua jina lake. Baada ya hapo Fidès alikubali.

Marehemu ameacha mke, Fidès Nahayo; mabinti wawili, Kabibi na Gabriella; dada mmoja, Jeannette, aliyeko Uvira; na shemeji, wapwa na majirani wengi. Familia inawaomba radhi Mama Sabine, Mama Spès na kila aliyesali pale Chitsime, na haiombi jibu leo.

Bwana ampokee Valentin Lwaboshi, na ampe pumziko ambalo mwenyewe hakuthubutu kuliomba.