Historia ya Marehemu Desmond Samways, Mpiga Picha wa Mashine za Mvuke

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono asubuhi hii, familia imeniomba mimi, Rowena, mke wa Alec, niwasomee maisha ya baba mkwe wangu, na nikikwama naomba mnivumilie.

Baba Desmond Arthur Samways alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kijiji cha Hinton Samford, hapa Dorset, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Reuben Samways, aliyekuwa akiendesha mashine ya mvuke ya kupuria ngano, na Bi Edith. Siku hiyo Mzee Reuben aliitwa kutoka shambani, akambeba mtoto kwa mikono yenye masizi, na alama za vidole vyake zikabaki kwenye shuka ambalo Bi Edith alikataa kulifua mpaka mtoto alipoanza kutembea.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1953, kisha sekondari mjini Blandford, ambako alimaliza mwaka 1963. Akiwa bado mdogo, mwaka 1957, mashine ya baba yake iliuzwa kama chuma chakavu na kukatwa vipande, na hapakuwa na mtu aliyekuwa ameipiga hata picha moja, jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote. Alipopata kazi ya kuendesha lori la maziwa, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu mwaka 2008, mshahara wake wa kwanza aliununulia kamera, na tangu hapo hapakuwa na maonyesho ya mashine kongwe za mvuke kusini mwa nchi hii ambako hakufika.

Ni kwenye maonyesho hayo alikokutana na mama yetu, Thelma Trevett, aliyekuwa akiuza chai kwenye hema, ambaye alimwambia mbele za watu, "Kaka, foleni hii ni ya wenye kiu, kama umekuja kunitazama tu nunua kwanza," naye akanunua chai hadi tumbo likamuuma. Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1974, wakajaliwa watoto wawili, Alec mwaka 1977 na Jessamy mwaka 1981.

Kila Agosti mama alikwenda naye, akimbebea mkoba wa lenzi, akiwazuia watoto wa watu wasisogelee magurudumu, na alivaa koti la mvua la manjano hata jua likiwaka, ili baba asimpoteze katikati ya moshi na umati. Kuanzia mwaka 2003 baba alihamia kwenye kamera za kidijitali, na maonyesho yalipokwisha alikaa majira yote ya baridi akizisafisha picha kwenye kompyuta, akifuta magari, vyoo vya plastiki na watu wenye simu, mpaka zibaki mashine, moshi, shamba na wazee wenye kofia, kama ilivyokuwa enzi za baba yake. Koti la manjano ndilo lililokuwa la kwanza kufutwa. Mama alikuwa akimletea chai, anainama begani kwake na kuuliza, "Leo umenizika saa ngapi, Des?" naye anajibu bila kugeuka, "Ulisimama mbele ya gurudumu, mpenzi wangu, ningefanyaje?" na wote wawili wanacheka. Na kwa kuwa baba hakupenda kurundika vitu, kila picha aliyoisafisha aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo, ya mwanzo ikapotea.

Mama alitutoka tarehe 21 Novemba 2019. Tulipohitaji picha ya kuweka juu ya jeneza lake, baba alifungua kompyuta, akapita mwaka baada ya mwaka, na mama hakuwamo. Tulitumia ile ya kitambulisho chake cha basi. Baba alifunga kompyuta, akaifunika kwa taulo, na kwa muda mrefu hakushika kamera, wala hakutaka kuulizwa. Hapo ndipo Bwana Clem Guppy, mwenye mashine ile nyekundu mnayoijua, alipoanza kupita kila Jumapili bila kugonga, akiacha mlangoni mkate wenye nyama aliyoikaanga juu ya koleo lake la kupakulia makaa, kama ilivyo desturi ya watu wa mvuke, umefungwa kwa gazeti, ungali moto.

Mwezi Aprili 2023 madaktari waligundua saratani ya mapafu. Agosti ya mwaka huohuo tulimpeleka kwenye maonyesho kwa kiti cha magurudumu, naye akaelekeza kamera kwa watu waliosimama pembeni tu, hadi Clem akamwita, "Des, mashine iko nyuma yako, au macho nayo yamestaafu?" Baba akamjibu, "Mashine yako nimeipiga miaka arobaini, Clem, haijanishukuru hata siku moja."

Hata hivyo alitaka kumwachia Clem zawadi, na mwezi Oktoba alimwomba Jessamy aiondoe taulo, wakachagua picha ya mwaka 2011 ya mashine nyekundu. Alipoikuza ili kuisafisha mara ya mwisho, aliona doa la manjano kwenye shaba ya pembeni mwa mashine, iliyong'aa kama kioo, akalipelekea mshale alifute kama alivyozoea, na Jessamy akamshika mkono, "Baba, ngoja kwanza, doa gani hilo lenye mabega?" Alikuwa mama. Alikuwa ndani ya shaba, amepinda kama vitu vinavyopinda kwenye kijiko, mkoba begani, na hakuwa anaitazama mashine, alikuwa anamtazama mpiga picha.

Baba alilia, kisha akaomba simu ampigie Clem, ambaye kila alfajiri ya maonyesho huisugua shaba yake kwa kitambaa. Clem akasema, "Basi wewe ulikuwa unamfuta, mimi namng'arisha." Jessamy alitaka kuunyoosha uso wa mama kwa kompyuta, baba akakataa, "Mwache alivyo. Nimeshamrekebisha vya kutosha." Tangu siku ile alianza upya na picha za 2003, akitafuta kwenye shaba na kwenye madimbwi, akapata chache, nyingine ukingo wa koti tu, na nguvu zilipomwishia alikuwa amefika 2009. Alifariki nyumbani alasiri ya Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, watoto wake wakiwa kando ya kitanda chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi Maeve, aliyepasha joto mikono yake kwenye kikombe cha chai kabla ya kumgusa, majirani waliolisha kuku wetu bila kuombwa, madereva wenzake wa maziwa, na Clem na wenzake walioamka gizani kuwasha moto ili jeneza lije hapa likivutwa na mvuke, tena polepole.

Baba, miaka ambayo hukuifikia tutaipitia sisi, na kila tutakapomkuta mama tutamwacha hapohapo alipo. Wewe lala sasa, upumzike kwa amani.