Mwendo wa Bibi Harusi

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mmoja alimbana bwana wa idara ya barabara ya halmashauri kuhusu kibao cha mwendo kasi cha mtaani kwake.

"Hatukisii, mama. Tunatandika waya barabarani wiki nzima, tunapima madereva wengi wanakwendaje, kisha kibao kinafuata mwendo wao."

"Yaani wanaokimbia ndio wanaopanga? Wajukuu zangu wanavuka hapo kwenda shule, baba."

"Ndiyo kanuni."

Nimesoma kanuni nyingi darasa la jioni, hiyo ilinipita.

"Basi wiki hii mnapopima kwetu, kina mama wa mtaani tunavuka kwa zamu, taratibu."

"Mtatuharibia vipimo, mama."

"Si umesema kibao kinafuata mwendo?"

Basi likasimama karibu na ule waya wa kupimia. Fundi alishuka, akavuka mbele yetu kwa mwendo wa bibi harusi. Dereva alipiga honi mara moja, kisha akangoja.